Chombo Kipya, Maji Yale Yale: Namna ya Kujifunza Zana Ngeni za Kuchora Kidijitali

Wengi wanaoanza kuchora kwa simu au kompyuta hukosea siku ya kwanza, na kosa lenyewe halihusiani na programu waliyoichagua wala bei ya kalamu waliyoinunua. Hufungua programu wasiyoijua, kisha humo humo wakajaribu kuchora kitu ambacho hawajawahi kukichora hata kwa penseli: joka, uso wa katuni ya Kijapani, au mji wa kubuni wenye ghorofa mia moja. Baada ya saa mbili picha haijatokea, na mchoraji hawezi kusema kilichomshinda ni mkono wake au ni programu. Hapa pwani, jahazi likishatiwa kalafati na kushushwa majini hujaribiwa kwanza ndani ya bandari, kwenye maji ambayo nahodha anajua miamba yake yote, ili likivuta upande au likivuja ajue kwamba tatizo ni chombo na si bahari. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hiyo: maadamu zana ni ngeni, mchoro uwe ule ambao mkono wako unaujua tayari.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mchoraji wa mabango na maandishi ya magari upande wa Kongowea, Mombasa, na rangi ya mafuta haikunitoka kucha hata siku za sikukuu. Mchoro ninaoutumia kupimia kila programu mpya ni korosho ya kanga, lile umbo lenye tumbo nene na mkia uliopinda ambalo kila aliyepita mtaa wa Biashara ameliona mara elfu bila kulitazama. Niliichora kwa chaki, kwa brashi na kwa wino kabla sijashika kalamu ya kidijitali, kwa hiyo ikitoka mbovu kwenye kioo sina shaka mkosaji ni nani. Isitoshe, korosho moja hudai karibu kila kitu ambacho programu inatakiwa kukitoa: mstari unaonenepa tumboni na kukonda mkiani, eneo la kujazwa rangi, nukta zinazolingana, na umbo linaloweza kurudiwa na kugeuzwa.

Wewe chagua chako. Mpaka hina achukue ua analolipaka kila palipo na harusi, seremala achukue waridi la kizingiti cha mlango, na mwandishi wa magari achukue herufi zake. Sharti ni moja tu, nalo ni kwamba uweze kukichora hata stima ikipotea.

Programu moja, kalamu moja

Programu ni nyingi, na mjadala juu ya ipi ni bora hauna mwisho. Kwa mwenye simu tu, ibis Paint X, iliyotoka mwaka 2011, inatosha kabisa kuanzia: inafanya kazi kwenye Android na iPhone, ni ya bure ukivumilia matangazo, na ukishaipakua unaweza kuchora bila bando. Kwa mwenye kompyuta, ninapendekeza Krita, ambayo ni ya bure, inatengenezwa chini ya mradi wa KDE, na jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Procreate ni nzuri na hulipiwa mara moja tu, lakini haifanyi kazi kwenye kompyuta ya kawaida wala simu ya Android, na mtu asiye na iPad hana haja ya kusumbuka nayo.

Kuna aina ya pili ya programu ambayo lazima uitofautishe na hizi, kwa sababu wanaoanza huzichanganya kisha wakalaumu zana. Krita na ibis Paint huchora kwa pikseli, yaani vijiraba vidogo vya rangi, na ukiukuza mchoro kupita kiasi vijiraba hivyo huonekana. Inkscape, iliyozaliwa mwaka 2003, huchora kwa vekta: haihifadhi rangi ya kila kijiraba bali huhifadhi njia ya mstari wenyewe, hivyo nembo uliyoichora kwa ukubwa wa kadi ya biashara unaweza kuikuza ikajaa ubavu wa lori bila kuharibika ukingo. Kwa herufi, nembo na jina la kanga, vekta ndiyo yenyewe. Kwa kitu chochote ambacho unataka kuhisi mkono ndani yake, tumia pikseli. Usijifunze zote mbili mwezi mmoja. Na kama una simu peke yake, anza na simu leo. Nimeona watu wakingojea laptopu kwa miaka miwili, na hiyo miwili ingewatosha kuwa wachoraji.

Kuhusu kalamu, jihadhari. Ile yenye ncha ya mpira laini, inayouzwa kila mahali, ni kidole bandia tu, na haihisi umeikandamiza kwa nguvu au kwa ulaini. Niliwahi kununua moja katika duka fulani mjini baada ya kuhakikishiwa kwamba inahisi mkandamizo, nikakaa juma zima nikitafuta kwenye mipangilio kitu ambacho hakikuwapo. Kalamu inayohisi mkandamizo kwa kawaida huja pamoja na kibao chake cha kuchorea au na simu iliyotengenezewa kalamu hiyo. Kwenye vibao vingi kalamu haina hata betri, kwa kuwa kibao chenyewe huirushia nguvu za sumaku kutoka chini. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoufanya ufundi huo ujulikane. Kalamu na kibao chake hufanya kazi kama jozi, kwa hiyo usidhani kalamu ya kibao kimoja itakubali kwenye kibao cha kampuni nyingine. Wauzaji watakuambia pia kwamba kibao hiki kina ngazi 8192 za mkandamizo na kile kina 2048 tu, lakini kwa mkono wa anayeanza tofauti hiyo haionekani, na fedha za ziada ni afadhali uzitie kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Jambo moja ambalo miongozo ya watu wa nchi za baridi hailitaji ni jasho. Mwezi wa Februari au Machi, kaskazi inapofifia na hewa ikasimama, kiganja hunata kwenye kioo, na kioo cha kugusa hulisoma jasho kama kidole. Matokeo yake ni mistari inayozuka pembeni na turubai, yaani ukurasa wa kuchorea, linalojigeuza lenyewe. Dawa ya kwanza ni kuingia kwenye mipangilio na kuiamuru programu ipokee kalamu tu, isipokee vidole. Dawa ya pili ni glavu ya wachoraji inayofunika vidole viwili vya mwisho na ubavu wa kiganja. Yangu niliikata kutoka kwenye soksi kuukuu, na imedumu kuliko ya dukani.

Sarafu juu ya kibao

Kabla ya kuchora chochote kwenye kibao kisicho na kioo, kile unachokiandika mezani huku ukitazama skrini, fanya jaribio hili. Weka sarafu ya shilingi 20 juu ya kibao, uizungushie kalamu taratibu, kisha uiondoe na utazame skrini. Ukiona duara, uko salama. Ukiona yai, umbo la kibao halilingani na umbo la skrini: huenda kibao chako kina uwiano wa 16 kwa 10 na skrini ina 16 kwa 9, na programu ya kibao imeunyoosha mmoja ulingane na mwingine. Fungua mipangilio ya kibao, tafuta mahali pa kuchagua eneo la kuchorea, na ukate kipande cha kibao kibaki kwenye uwiano wa skrini. Asiyefanya hivyo hujifunza bila kujua kuchora maumbo yaliyopotoka ili yatokee sawa, na siku akibadilisha kibao mkono wake wote huwa umeharibika.

Ugeni wa mkono kuwa huku na macho kuwa kule huisha wenyewe. Siku tatu za kwanza utajiona kama mtoto wa chekechea, lakini ukichora nusu saa kila siku, kabla ya wiki mbili kwisha utakuwa umesahau kwamba kulikuwa na shida. Usiinamishe macho kutazama mkono, maana kufanya hivyo ndiko kunakochelewesha.

Kisha pima mkandamizo. Chora mistari kumi, kila mmoja ukianza kwa kugusa tu na kumalizia kwa nguvu. Mistari ikibaki na unene mmoja kwenye Krita iliyo katika Windows, mara nyingi kalamu haijafa: ingia kwenye mipangilio ya Krita, sehemu ya kibao, ubadilishe kati ya WinTab na Windows Ink, ambazo ni njia mbili za kompyuta kuisoma kalamu, kisha ufunge programu na kuifungua tena. Ikiwa mkandamizo upo lakini unalazimika kubonyeza mpaka kifundo kinauma, rekebisha mchirizi wa mkandamizo hapo hapo, yaani ule mstari wa grafu unaopanga nguvu ya mkono itoe rangi kiasi gani, uuvute upande wa juu kushoto ili mguso mwepesi utoe rangi nyingi zaidi. Wapaka hina huelewa jambo hili haraka kuliko sisi wa brashi, kwa kuwa koni ya hina imewafundisha kwamba unene wa mstari unatoka kwenye ubinyaji wa vidole na mwendo wa mkono kwa pamoja.

Korosho ya kwanza

Fungua turubai la pikseli 2000 kwa 2000. Chagua brashi moja ya kawaida, ya duara, inayobadilika unene kwa mkandamizo, na usiguse nyingine yoyote kwa wiki nzima. Krita huja na brashi zaidi ya mia moja, na ni rahisi kutumia mwezi mzima ukizionja kama mtu aliyeingia kwenye duka la halua la Mji wa Kale bila nia ya kununua.

Sasa chora korosho. Mimi huanzia mkiani, pale ncha inapojipinda, nikiwa nimegusa tu, nikashuka kwa nje nikiongeza nguvu hadi tumboni ambako mstari unakuwa mnene, nikazunguka chini, halafu nikapanda kwa ndani nikipunguza hadi nirudi kwenye ncha. Huo ni mstari mmoja usiokatika. Kwenye karatasi nilikuwa nikiupata kwa pumzi moja, ilhali kwenye kioo ulitoka na vitetemo kama maandishi ya mgonjwa, kwa sababu kioo kinateleza na hakuna chembechembe za karatasi za kuushika wino. Hapa ndipo unapohitaji kitulizi cha mstari, kinacholainisha vitetemo vya mkono, ambacho Krita inacho kwenye machaguo ya brashi na ibis Paint inacho pia. Si udanganyifu kukitumia. Mwaka 1963, mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alipoonyesha kule MIT, chuo cha Marekani, programu yake ya Sketchpad iliyochorewa kwa kalamu ya mwanga, tayari kompyuta ilikuwa ikimnyooshea mchoraji mistari yake. Ila weka kitulizi kiasi: kikizidi, mstari huifuata kalamu kwa kuchelewa kama mkokoteni nyuma ya punda, na mkunjo wa mkia wa korosho hufutika.

Mambo mawili ya Krita yawe kwenye vidole kabla ya mengine yote. Herufi B hukupa brashi. Herufi E haikupi kifutio tofauti, bali huigeuza brashi uliyonayo iwe kifutio, na ukiibonyeza tena hurudi kuwa brashi. Nusu ya malalamiko kwamba kalamu imekataa kuchora hutokana na E iliyobonyezwa bila kujua. Ikiwa si E, tazama kama umesahau eneo lililochaguliwa mahali fulani kwenye turubai, kwa maana programu haitachora nje ya eneo hilo. Ikiwa si hilo, tazama kama leya uliyopo, yaani tabaka la mchoro nitakalolieleza hapa chini, imefichwa au imefungwa kufuli. Pia namba 4 na 6 hugeuza turubai kushoto na kulia, na 5 hulirudisha. Tumia hizo badala ya kuvunja kifundo cha mkono, kwa kuwa kila mchoraji ana upande mmoja ambao mkono wake unapinda vizuri, na turubai ndilo lifuate mkono.

Herufi M hulionyesha turubai kama kwenye kioo cha kujitazamia. Bonyeza uone korosho yako imelalia upande gani. Mara ya kwanza utaaibika kidogo.

Leya kwa mfano wa kisutu

Leya ndiyo kitu ambacho mchoraji wa karatasi hana, na ndiyo inayowachanganya wengi. Photoshop ilizipata mwaka 1994 katika toleo la 3.0, na sasa karibu kila programu ya uchoraji inazo. Maelezo ya kwamba ni karatasi za plastiki zilizopangwa ni sahihi lakini hayamwambii mtu aweke nini wapi. Mimi hufundisha kwa kisutu, kanga ya harusi ya rangi tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kiwandani kila rangi ina skrini yake ya kuchapia, na mtu akikosea nyekundu hagusi nyeusi. Panga leya zako vivyo hivyo: nyeupe chini kabisa, nyekundu juu yake, nyeusi juu ya zote, na usitie rangi mbili kwenye leya moja. Hata siku utakapochora uso wa mtu wenye rangi hamsini, tabia hiyo itakusaidia, kwa sababu utakuwa umezoea kujiuliza kila kitu kinakaa ghorofa gani.

Kujaza rangi kwa ndoo ni rahisi, ila ukimwaga nyekundu ndani ya korosho ikatapakaa turubai zima, jua mstari wako una mwanya, mara nyingi pale ncha mbili za mkia zinapokutana. Rudisha nyuma, kuza hapo, ziba, mwaga tena. Baada ya hapo jifunze kufuli ya uwazi, inayoilazimisha brashi ipake pale tu palipokwisha kuwa na rangi kwenye leya ile. Nukta nyeupe ndani ya korosho, vivuli na michirizi ya ukingoni haviwezi tena kutoka nje hata mkono ukiteleza.

Pindo ndio mtihani

Korosho moja ikikubali, zisimamishe nyingi. Kanga ina mji katikati, pindo kuzunguka, na jina chini ya mji, na pindo ndilo linalotofautisha mchoraji na mbahatishaji, kwa kuwa kasoro ndogo inayojirudia mara arobaini haiwezi kujificha.

Fungua turubai jipya la pikseli 1000 kwa 1000 na ubonyeze W. Krita italirudia turubai lako pande zote bila kikomo, na mstari unaotokea kulia utaingia kushoto papo hapo. Usichore korosho katikati. Ichore makusudi ikivuka ukingo, tumbo likiwa upande mmoja na mkia upande wa pili, kwa maana ukiweka kila kitu katikati ukingo utabaki mtupu, na utupu huo ukijirudia utaonekana kama mstari wa mshono. Halafu jaza mianya kwa nukta na vijani, yaani majani madogo, ukipunguza ukubwa wa mtazamo kila baada ya dakika chache. Ukiitazama kwa mbali, jicho litakwenda lenyewe mahali penye kasoro. Pindo langu la kwanza lilionekana zuri kabisa kwa karibu, lakini nilipolitazama kwa mbali nikaona kijani kimoja nilichokiinamisha zaidi ya wenzake, na pindo zima likawa linatembea kushoto kama kaa. Pembeni, pindo linapokunja kona, marudio hayatakusaidia, na itakubidi uchore korosho ya kona peke yake, imelala mshazari.

Kwa mji wa kanga, bonyeza Q upate brashi ya mikono mingi, inayonakili kila mstari kuzunguka kitovu. Ua la petali nane huisha kwa kuchora petali moja. Ni zana tamu, na kwa utamu wake huo ni ya kutumiwa kwa kiasi: mji uliochorwa wote kwa Q huwa mkamilifu na mkavu. Baada ya kuitumia, mimi huongeza kitu kimoja au viwili kwa mkono, nje ya ulinganifu.

Jina liandike kwenye Inkscape. Andika herufi, kisha zigeuze ziwe njia kwa Shift, Ctrl na C kabla ya kulipeleka faili popote, la sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na mwandiko (fonti) huo itaweka mwandiko wake, na maneno yako yatatoka kwa sura usiyoijua.

Ukubwa wa turubai na uwezo wa mashine

Hapa hesabu haikwepeki. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa kawaida kila pikseli hula baiti 4, hivyo leya moja iliyojaa huchukua karibu megabaiti 35. Upande mmoja wa kanga wenye sentimita 150 kwa 110, hata kwa nukta 150 tu kwa inchi, ni pikseli 8858 kwa 6496, na leya moja ni megabaiti 230. Ukiwa na leya kumi na laptopu ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, kalamu itaanza kuchelewa, kisha feni itapiga kelele, kisha programu itajifunga. Watu hununua mashine mpya kwa tatizo hili, ingawa kanga yenyewe imeshalitatua: robo moja ya mji na kipande kimoja cha pindo vinatosha, vingine vyote ni nakala zilizogeuzwa. Robo hiyo ni megabaiti 58 kwa leya. Chora robo, malizia yote, ndipo uunganishe kwenye faili jipya likiwa na leya chache.

Rangi nazo zisikudanganye. Skrini hutoa mwanga na kitambaa hakitoi, kwa hivyo ile buluu inayong'aa kama bahari ya Nyali saa sita mchana itafifia ikichapwa. Chapa kipande kidogo kwanza, ukipeleke nje kwenye jua, ndipo ukubali.

Stima, mafaili na WhatsApp

Niliwahi kupoteza mji mzima wa kanga kwa sababu stima ilikatika na betri ya laptopu ilikuwa imechoka. Tangu siku hiyo mkono wa kushoto hubonyeza Ctrl na S kila nikiinua kalamu, na mwisho wa kila hatua nabonyeza Ctrl, Alt na S, ambayo kwenye Krita huhifadhi toleo jipya lenye namba bila kufuta la zamani. Weka faili la kazi katika muundo wa programu yenyewe, maana ndimo leya zinamobaki. PNG ni ya kuonyesha, nayo JPG hupoteza ubora kila unapoihariri na kuihifadhi upya. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti na si kama picha, kwa kuwa picha ya kawaida hubanwa humo na nukta zako nyeupe huwa ukungu.

Ukionyesha kazi kwa umma, toa nakala ndogo isiyozidi pikseli 1500 upande mrefu, yenye jina lako kwenye leya ya juu kabisa. Kanga za Mombasa zenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla zilielewa jambo hili kabla ya intaneti.

Kujifunza kwa wenzako

Utafika mahali ukwame, na njia fupi ni kumuuliza aliyetangulia. Lakini ukiandika kwenye kikundi kwamba programu haishiki, wajuzi watapita kimya, kwa sababu hawana pa kuanzia. Taja jina la programu na toleo lake, aina ya simu au kompyuta, ulichokusudia kupata, ulichobonyeza, na kilichotokea badala yake, kisha uambatishe picha ya skrini nzima yenye orodha ya leya ikionekana. Mara nyingi jibu limo ndani ya orodha hiyo, na mwenye jicho ataliona kabla hujamaliza kushukuru. Ukisaidiwa, rudi useme kilichofaa, ili atakayekwama mwezi ujao apate njia.

Menyu za programu hizi nyingi tunazisoma kwa Kiingereza, na kila kikundi kina maneno yake. Weka daftari. Upande mmoja andika neno kama lilivyo kwenye menyu, upande wa pili andika kwa Kiswahili chako kazi linayofanya, kwa mfano kwamba opasiti ni ukolezi wa rangi, au kwamba kufuli ya uwazi hukataza rangi kuvuka ukingo. Usinakili tafsiri ya mtu. Neno ulilolieleza mwenyewe halikupotei, na daftari hilo utalihamisha kwenye kila programu, kwa kuwa majina hubadilika lakini kazi ni zile zile.

Rekodi za michoro zina faida kubwa ukizitazama ipasavyo. ibis Paint huweza kurekodi mchoro hatua kwa hatua na kuuonyesha kama video, kwa hiyo mwombe mwenzako akuonyeshe yake ya dakika moja, kisha uisimamishe kila anapobadilisha leya na ujiulize kwa nini amehama hapo. Rangi na mtindo wake usiviangalie kwanza. Rekodi yako mwenyewe nayo itazame, hasa sehemu ulizofuta mara kumi, kwa kuwa hapo ndipo panapohitaji mazoezi.

Programu ya pili iingie baada ya hapo, na siku utakapoifungua, chora korosho ile ile. Utashangaa kwamba kazi iliyokuchukua wiki tatu sasa inakuchukua alasiri moja, kwa sababu unachotafuta unakijua kwa jina: kitulizi kiko wapi, kufuli ya uwazi iko wapi, marudio yako wapi. Visivyokuwapo utaviona mapema, kabla ya kuahidi kazi ya mteja. Ziweke korosho zote kwenye folda moja, kila moja na jina la programu na tarehe. Ukifika siku ambayo umeichora bila kuitazama menyu hata mara moja, funga folda, fungua turubai jipya, na sasa chora lile joka.